Nani Atakukopesha Mia Mbili Saa Nane Usiku?

Ukisafiri na marafiki, mnatembea na benki ndogo bila kujua. Simu ya mmoja ikizima, mwingine analipa. Mmoja akikosa nauli ya boda anasema "nilipie, nitakurudishia kesho," na kesho anarudisha, au harudishi, lakini angalau mlifika. Ukisafiri peke yako benki hiyo haipo. Hakuna wa kukukopesha mia mbili saa nane usiku kwenye mji ambao hujui hata jina la mtaa uliosimama.

Nalisema hili kwa sababu kila nikifungua simu namwona mtu wa rika langu akienda Kisumu pekee yake. Treni ya usiku kutoka Nairobi, jua likichomoza kwenye mashamba ya miwa, samaki Dunga, halafu ohangla mpaka kuche. Safari tamu kweli. Ushauri wanaopewa huwa ni mmoja tu: beba simu, kila kitu siku hizi kinalipwa kwa simu. Mimi nafanya kazi kwenye kampuni ya malipo ya simu na ushauri huo siukubali wote. Nusu yake ni kweli. Nusu ya pili ndiyo inayomwacha mtu amekaa kwenye ngazi za hoteli akingoja kukuche.

Maoni yangu ni haya: msafiri wa peke yake alipe kurudi kwake kabla hajaanza kujifurahisha. Chumba, tiketi ya kurudi, na boda ya mwisho ya usiku. Hivyo vitatu vikishalipwa au kutengwa, pesa zinazobaki ni za raha, na hata ukizimaliza zote utaamka kitandani kwako Jumapili ukiwa na kichwa kizito tu, bila shida nyingine.

Mau unaivuka usingizini

Treni ya abiria ya Nairobi–Kisumu ilirudi Desemba 2021 baada ya kimya cha karibu miaka kumi. Kwa ratiba yake ya kawaida inaondoka Nairobi Ijumaa jioni, inafika Kisumu Jumamosi asubuhi, na inarudi Jumapili jioni. Ratiba hubadilika, hasa mvua ikizidi, kwa hivyo thibitisha na shirika la reli kabla hujafunga begi. Na usitarajie ile SGR ya kwenda Mombasa. Hii ni reli ya zamani, reli nyembamba, njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Desemba 1901. Mahali ilipoishia paliitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mmoja wa wahandisi. Ndiyo Kisumu ya leo.

Kuvuka Mau ndiko kulikowatoa jasho. Njia inapanda zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari karibu na Mau Summit, kisha inateremka mpaka ziwani, ambako ni kama mita 1,130. Kwenye huo mteremko, kati ya kilele na Fort Ternan, yalihitajika madaraja 27 ya chuma, na kazi hiyo ilipewa kampuni ya Kimarekani. Wajenzi wa reli walilipwa kwa rupia, maana shilingi yetu ilikuja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kila nikipita huko nawaza wale watu na rupia zao mfukoni, katikati ya msitu, bila duka wala wakala.

Kasoro ya treni hii kwa mtalii ni kwamba sehemu kubwa ya mlima unaivuka gizani. Huoni bonde wala daraja. Unahisi baridi tu, na unasikia magurudumu yakilia kwenye kona. Ndiyo maana nitasema jambo ambalo wanaokwenda kazini hawatalipenda: treni ikichelewa saa moja au mbili, mtalii amebahatika. Kukipambazuka ukiwa bado Fort Ternan au Koru unaona vilima vikishuka polepole, halafu Muhoroni, Chemelil, Kibigori, Miwani, miwa pande zote, watoto wakipunga mikono, na upande wa kulia ukuta wa milima ya Nandi ukianza kupata rangi. Kaa dirisha la kulia. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo saa bora ya safari nzima, na haina ada.

Sasa turudi kwa pesa. Huko milimani mtandao unakuja na kwenda. Ukilipa kitu wakati mtandao umedhoofika, meseji ya kuthibitisha inaweza kuchelewa, na hapo ndipo watu hulipa mara ya pili. "Meseji haijafika" na "pesa haijatoka" ni mambo mawili tofauti kabisa. Angalia salio kwanza. Salio likikataa kuonekana, subiri. Mtu unayemlipa mko naye kwenye treni moja, hawezi kukimbia na wewe pia huwezi.

Kitu kingine cha kufanya kabla treni haijang'oa nanga, kama wanavyosema watu wa meli: lipa tiketi ya kwenda na ya kurudi pamoja, lipa chumba cha Jumamosi, halafu andika namba za tiketi na simu ya hoteli kwenye karatasi. Ndiyo, karatasi. Picha ya meseji iliyo ndani ya simu haikusaidii simu hiyo ikipotea.

"Itatokea jina gani?"

Stesheni ya Kisumu iko karibu na bandari, na katikati ya mji si mbali. Acha begi hotelini, kunywa chai, lala saa mbili kama unaweza, kisha nenda Dunga. Mchana unaweza kupita makumbusho ya Kisumu au kutembea Oginga Odinga, lakini Dunga ndiyo nitakayokaa nayo kidogo, kwa sababu hapo mambo ya pesa yana utamu wake.

Samaki Dunga anauzwa kwa ukubwa wake, na bei ni ya mazungumzo. Kubaliana kabla hajaingia kwenye mafuta. "Mama, huyu ngege ni pesa ngapi, na kuon yake?" Ukishauliza na kuon, yaani ugali, mama anajua hujaja kupigwa picha tu, umekuja kula. Mkikubaliana, kula. Ukimaliza, kulipa.

Hapo linakuja swali la jina. Sisi watu wa malipo tumewafundisha wateja kwa miaka mingi: kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea, na kama si la unayemlipa, acha. Ni ushauri mzuri, na kwenye supamaketi unafanya kazi. Ufuoni una kasoro. Biashara nyingi ndogo hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtoto, la mume, la dada mkubwa aliye Nairobi. Mama ni huyu mbele yako, jina kwenye skrini ni la kijana usiyemjua. Ukimwambia "hili si jina lako" umemfanya mwizi mbele ya wateja wake. Ukikaa kimya ukalipa tu, umejizoesha kupuuza jina, na siku utakayokosea tarakimu moja hutashtuka.

Njia bora ni kuuliza mapema, kwa heshima, kabla hata hujaandika namba: "Mama, itatokea jina gani?" Akikuambia, na hilo hilo likatokea, lipa. Likitokea lingine, mwonyeshe simu bila kumpa, muangalie namba pamoja. Swali hilo moja linafanya kazi yote na halimvunjii mtu heshima. Ningependa sisi wenye kampuni tuanze kulifundisha badala ya ile amri yetu ya "jina lazima lifanane."

Na simu yako ibaki mkononi mwako. Kuna ule ukarimu wa "leta nikuwekee till," kutoka kwa mhudumu au kijana wa mashua. Mara nyingi ni ukarimu wa kweli, anataka kukuharakishia. Mwambie akusomee namba. Asante, erokamano, namba nitaandika mwenyewe.

Mashua ya jioni ina hesabu yake. Gugumaji likisukumwa na upepo linaweza kuziba ghuba, na mashua iliyotoka vizuri asubuhi jioni haina pa kupita. Kwa hivyo usilipe safari nzima mchana kwa sababu umepewa bei nzuri. Lipa kidogo ya kushikilia nafasi, na mkubaliane kwa maneno wazi kuhusu itakavyokuwa kama hamtatoka. Salio ulipe mkirudi nchi kavu. Kabla ya pesa yoyote, uliza jaketi la kuokolea liko wapi, ulione, ulivae. Asiyekuwa nalo hata akikupa bei ya bure usipande. Jua linatua karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, na ukiwa majini wakati huo utaelewa kwa nini watu hulala kwenye treni usiku kucha ili wafike hapa.

Usiku, na bei ya kutajwa jina

Kisumu usiku ni muziki. Nyanza ndiko benga ilikokulia, na ohangla ya moja kwa moja, ngoma na kinanda na sauti ya mtu anayekuimbia kama anakujua tangu utotoni, haifanani na ile unayosikia kwenye matatu. Kuna desturi ndani yake ambayo mgeni anapaswa kuielewa kabla hajaingia: pakruok. Mtu anasimamisha muziki, anajisifu au anamsifu rafiki yake, ukoo wake, mji wake, kwa maneno ya mbwembwe, watu wanashangilia, naye anatoa pesa. Ni mchezo wa lugha wa Waluo wa tangu zamani, na ukiupata ukiwa mtamu utacheka mpaka ulie. Zamani ilikuwa sarafu na noti. Leo hata simu inafanya kazi hiyo.

Simsemi vibaya anayetoa. Kwangu pakruok ni moja ya sababu za kwenda. Ila tuseme ukweli kuhusu kidole gumba: noti ya elfu unaiona ikiondoka, unaihisi kwenye pochi iliyopungua. Elfu moja ya simu inaondoka ikiwa na uzito ule ule wa hamsini. Mwimbaji akishataja jina lako na mji uliotoka, uko peke yako, hakuna rafiki wa kukuvuta shati akwambie "wewe, imetosha." Rafiki huyo lazima awe wewe mwenyewe wa saa nane mchana. Ndiyo maana nasema pesa ya usiku ipangwe mchana, ukiwa umeshiba samaki na akili imetulia, ihamishiwe kwenye laini ya pili au pochi nyingine, na ile kubwa ifungwe. Kama kiwango chako ni 3,000, au 1,500, ni chako, hakuna wa kukucheka. Ikiisha, umesikia muziki wa kutosha.

Na zima huduma ya kukopeshwa pale salio linapopungua, ile ambayo Wakenya tumeigeuza kitenzi, kufuliza. Ina kazi yake. Imewavusha watu kwenye dharura za kweli, tokeni za stima, dawa ya mtoto. Lakini kwenye ukumbi wenye makelele hakuna anayesoma mstari wa meseji unaosema kiasi fulani kimetoka kwenye mkopo. Unaona tu malipo yamekubali. Ada inaanza kuhesabiwa, na utaijua Jumatatu mshahara au pesa ya biashara ikiingia na kukatwa.

Wacha nikupe kisa cha rafiki yangu wa chuo. Alikwenda Kisumu pekee yake, akafurahi, na mwendo wa saa nane usiku simu ikatoweka mfukoni kwenye ukumbi mmoja ambao sitautaja. Alikuwa na PIN nzuri, hakumwambia mtu, hakuiandika popote. Aliyeichukua hakupata hata shilingi. Kwa vipimo vyetu sisi watu wa usalama wa pesa, huo ni ushindi. Lakini chumba alikuwa bado hajakilipia, alipanga kulipa akirudi. Kitambulisho alikiweka nyuma ya kava ya simu, kama tunavyofanya wengi, kwa hivyo nacho kilikwenda. Namba ya mama yake hakuijua kwa kichwa. Bila kitambulisho, kurudisha laini ni safari ndefu, na siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Askari wa hoteli alimhurumia akampa kiti mpaka asubuhi. Pesa zake zote zilikuwa salama kabisa, na yeye alikuwa na njaa.

Nikiwasimulia watu kisa hiki huniuliza kama PIN ilikuwa rahisi. PIN haikuwa na tatizo lolote. Tatizo ni kwamba chumba, chakula, nauli, kitambulisho na jamaa zake wote walikuwa ndani ya kitu kimoja chenye ukubwa wa kiganja.

Kwa hiyo, ndiyo, nakwambia ubebe pesa taslimu, na najua naandika haya wapi. Mia tano kwenye soksi au mfuko wa ndani, isiyoguswa. Noti ndogo kadhaa mfukoni kwa ajili ya boda. Kitambulisho kikae mbali na simu. Namba mbili za watu wa nyumbani uzijue kwa kichwa au ziwe kwenye ile karatasi.

Boda ya usiku ina sababu ya pili ya noti, na hapa nazungumza zaidi na dada zangu. Ukimtumia dereva pesa kwenye namba yake binafsi, anapata jina lako na namba yako ya simu. Na tayari anajua unapolala, kwa sababu amekushusha mlangoni. Wengi ni vijana wanaotafuta riziki na hawatakusumbua hata kidogo. Lakini meseji ya saa tisa usiku, "umefika salama mrembo?", wengi wetu tumeipata, na ukiwa peke yako kwenye mji wa ugeni huwezi kuichukulia kama mzaha. Till nyingi siku hizi huficha sehemu ya namba ya mteja, na kwa kawaida mteja hakatwi ada akilipa kwa till ya bidhaa, kwa hivyo mwenye till mlipe kwa till. Asiyekuwa nayo, mpe noti. Hili la namba za wateja kuonekana ni deni letu sisi watoa huduma, na sioni kwa nini mteja wa kike aendelee kulilipa.

Kuna faida moja ya kulipa kwa simu usiku ambayo noti haina: alama. Meseji inabaki na saa, na jina la uliyemlipa. Ukipanda tuktuk ya mtu mwenye till, mtumie dada yako meseji hiyo papo hapo na neno moja, "njiani." Ukifika, "nimefika." Haikugharimu kitu na angalau kuna mtu mmoja anayejua uko wapi.

Na ukipata meseji katikati ya muziki kwamba umetumiwa pesa, kisha simu inaita, mtu analia kwamba amekosea namba, tafadhali umrudishie, ni mgonjwa yuko hospitali: usifanye lolote kabla ya kuangalia salio lako mwenyewe. Meseji hiyo huwa imetoka kwa namba ya kawaida ya mtu, wala si kwa huduma. Hata kama pesa imeingia kweli, mwambie awasiliane na mtoa huduma aombe irudishwe kwa njia yake. Kisha kata simu, rudi kucheza.

Jumapili utaamka umechelewa, na hiyo ni haki yako. Treni ni jioni, tiketi ulishailipa tangu Ijumaa, kwa hivyo una mchana mzima. Kama ile mia tano ya kwenye soksi bado iko, Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye. Nunua omena iliyokauka vizuri, uifunge mara mbili ili jirani yako wa siti asikuchukie mpaka Nairobi.